Malezi Yenye Mwitikio: Nani Amwitike Nani?

Tangu Desemba 2021, ilipozinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, lugha ya malezi imeingia ofisini kwa kishindo. Maneno ambayo zamani yalikuwa ya uani na jikoni sasa yamo katika miongozo, katika fomu za ukaguzi, katika mafunzo ya watumishi wa vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na katika vipindi vya redio. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Programu hiyo, ambayo muda wake uliwekwa kuwa wa miaka mitano, 2021/22 hadi 2025/26, imesimama juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na ujifunzaji wa awali. Mambo hayo yanatokana na mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia. Kwa hiyo yalitufikia yakiwa yamekwisha kupewa majina kwa Kiingereza, na kazi ya Kiswahili ikawa kuyatafutia majina mengine.

Makala haya hayakusudii kuipima programu yenyewe, wala hayana ugomvi na nia yake. Yanakusudia kuyapima majina. Mtumishi wa kituo ambaye asubuhi hupokea watoto kumi na wawili, wawili kati yao wakiwa bado hawajaota meno, hatausoma mwongozo wa Geneva. Atasoma, au atasomewa, Kiswahili kilichoandikwa na watu wa ofisini, kisha atafanya kwa mikono yake kile alichokielewa. Kwa sababu hiyo istilahi za malezi hazifanani na istilahi za sarufi, tuseme, ambamo neno likikosewa anayeumia ni mwanafunzi wa mtihani.

Tuanze na istilahi ya tatu katika orodha hiyo, kwani ndiyo iliyobebeshwa mzigo mkubwa kuliko zote. Dhana inayokusudiwa ni hii: mtoto asiyejua kusema husema kwa njia nyingine. Hulia, hugeuza uso, hunyonya vidole, hunyoosha mikono, hujikunja, hutoa sauti. Anayemlea anatakiwa aione ishara hiyo, afahamu maana yake, aijibu upesi, na aijibu kwa namna inayofaa. Mtoto anayegeuza uso kwa kuwa ameshiba halishwi tena. Mtoto anayefikicha macho hachezeshwi, hulazwa. Hatua, basi, ni nne, na ya kwanza ni ya macho, si ya mikono.

Je, maneno malezi yenye mwitikio yanasema hivyo? Hatudhani. Mzizi wake ni kitenzi kuitika, na kila aliyekulia katika nyumba ya Waswahili anajua ni nani huitika katika nyumba hiyo. Mkubwa huita, mdogo huitika. Mtoto akiitwa husema "Abee", au "Labeka", au "Naam", kwa kadiri ya mahali na ya jinsi yake. Asiyeitika mara ya kwanza huulizwa kama ana masikio. Hata nje ya nyumba mwelekeo ni huo huo. Katika ngoma mmoja huanzisha na wengine huitikia. Serikali hutoa wito, na magazeti huandika kwamba mwitikio wa wananchi ulikuwa mkubwa au hafifu. Wito hutoka juu, mwitikio hutoka chini.

Kwa hiyo msikilizaji asiyepewa ufafanuzi ana haki kabisa ya kuelewa kwamba malezi yenye mwitikio ni malezi yanayomfanya mtoto aitike anapoitwa, yaani malezi ya mtoto mtiifu. Ataelewa kinyume cha kilichokusudiwa, na kosa halitakuwa lake. Neno yenye huonyesha tu kwamba kitu kimoja kina kingine ndani yake. Halisemi nani mtenda na nani mtendewa. Kiingereza kinaweza kuvumilia uficho huo, kwa kuwa neno lake la kujibu halina cheo cha mkubwa na mdogo. Letu lina cheo. Anayetafsiri bila kukiona cheo hicho ametafsiri herufi.

Mtu anaweza kupendekeza kwamba tuseme malezi ya usikivu. Hapo tutakuwa tumetoka shimoni na kuingia mtaroni. Mtoto msikivu kwa Kiswahili ni mtoto anayetii. Na mzazi anayesema "mwanangu huyu hasikii" hana haja ya daktari wa masikio. Lugha yetu, kama jamii iliyoizaa, imeweka karibu maneno yake yote ya kusikia na kujibu upande wa utiifu wa mdogo kwa mkubwa. Hatusemi kwamba hilo ni ila. Twasema kwamba mkuza istilahi hana budi kulijua kabla hajashika kalamu.

Tena kuna methali inayomngoja mwezeshaji mlangoni: Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli mahali pake. Inamsema mzazi anayeogopa kumkanya mtoto aliyekwisha kupata akili ya kuchagua baya na zuri. Lakini katika matumizi ya kila siku huteremshwa hadi kwa kichanga, na mtumishi anayekimbilia kilio cha mtoto wa miezi mitatu huambiwa na wenzake kwamba anamdekeza. Mtoto wa miezi mitatu hana hila; kilio ndilo neno lake pekee. Mwezeshaji anayefika kituoni na istilahi yake bila kuikabili methali hiyo ana kwa ana atashindwa nayo, kwa sababu methali ina Kiswahili kizuri kuliko istilahi.

Wala si kweli kwamba lugha yetu haina msamiati wa mkubwa anayemshughulikia mdogo kwa upole. Kuna kubembeleza, kutuliza, kupembeza. Kuna kuongoa, neno zuri ambalo vijana wengi wa mijini hawalijui tena, lenye maana ya kumnyamazisha mtoto au kumtia usingizini kwa wimbo na kwa mwendo wa mikono. Kuna pia kuengaenga na kudekeza, ambayo yamekwisha kuingiwa na lawama. Hata hivyo maneno haya yote hutaja dawa tu. Hayataji uchunguzi uliotangulia dawa. Yanaeleza hatua ya tatu na ya nne, na kuziruka ya kwanza na ya pili.

Uchunguzi huo umo mahali ambapo hatukuutazamia, yaani katika mnyambuliko wa kitenzi. Mtoto hulia, lakini pia hulilia. Analilia ziwa, analilia usingizi, analilia kubebwa. Kauli ya kutendea imeongeza silabi moja, na silabi hiyo imegeuza kelele kuwa maombi. Bibi anayepokea mjukuu anayelia hamwulizi mamaye "Kwa nini analia?" bali "Analilia nini?" Katika swali hilo dhana nzima imo: kwamba kilio kina lengo, kwamba lengo linaweza kutambulika, na kwamba aliye mkubwa ndiye mwenye wajibu wa kulitambua. Kama tungelipewa nafasi ya kuandika ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha mafunzo ya watumishi wa vituo, tungeliweka swali hilo kabla ya istilahi yoyote.

Na hapa yafaa ikumbukwe kwamba elimu hii, ambayo wengi huipokea kama kitu kilichoshuka kutoka Ulaya na Marekani, ina sehemu ya mizizi yake Afrika Mashariki. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa Uganda mwaka 1954 na 1955, akawatembelea majumbani mwao akina mama 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala ili achunguze jinsi watoto wao wachanga walivyojenga mapenzi na tegemeo kwa mama zao. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitolewa mwaka 1967. Mojawapo ya mambo aliyoyaona ni kwamba akina mama walioweza kumweleza habari za mtoto wao kwa undani, bila ya kuvutwa maneno, ndio ambao watoto wao aghalabu walikuwa na utulivu wa moyo mbele yao. Yaani waliojua mtoto analilia nini. Baadaye, katika utafiti wake wa Baltimore, Marekani, ndipo alipounda kipimo cha jinsi mlezi anavyozitambua na kuzijibu ishara za mtoto. Dhana, basi, ilichunguzwa kwa akina mama wa Kiganda, ikasafiri, ikarudi imevaa jina la Kiingereza. Nasi tukalivua jina hilo na kuivika lingine linaloelekea upande usio wake.

Pendekezo letu ni malezi ya kumwitika mtoto. Kiambishi -m- kinatosha kumaliza ubishi: mtoto ndiye mtendewa, na anayeitika ni mkubwa. Tumechagua kuitika badala ya kuitikia kwa kuwa kuitika ni kujibu wito, na kilio ni wito, ilhali kuitikia kumeelemea upande wa kukubali jambo na kupokea wimbo. Tunajua kwamba maneno haya yatamshtua kidogo msikilizaji, kwani yanampindua mkubwa na kumweka mahali pa mdogo. Mshtuko huo una faida. Ndio utakaomfanya aulize, na akiuliza mwezeshaji atapata mlango wa kuingilia. Wapo watakaopenda malezi ya kuitikiana, kwa hoja kwamba mtoto naye hujibu kwa tabasamu na kwa sauti. Kweli hujibu, lakini kauli ya kutendana huwapa pande mbili wajibu ulio sawa, na kichanga hana wajibu wowote.

Tugeukie istilahi ya nne, ulinzi na usalama. Hii haihitaji maneno mengi, kwa kuwa kosa lake liko wazi kwa kila anayesikiliza taarifa ya habari. Katika Tanzania maneno hayo mawili yakiandamana yana wenyewe: kuna vyombo vya ulinzi na usalama, na kuna kamati za ulinzi na usalama za wilaya na mikoa, ambazo wenyeviti wake ni wakuu wa wilaya na wa mikoa. Mwenye kituo anayeambiwa atimize ulinzi na usalama wa mtoto kwanza atawaza ukuta, geti na mlinzi. Atajenga ukuta, ataweka geti, atamwajiri mlinzi. Na ndani ya ukuta huo ndoo ya maji itakaa wazi sakafuni, maharage yatamwagika mahali mtoto anapotambaa, na jiko la mkaa litawashwa kwenye baraza wanapochezea. Adui wa mtoto wa mwaka mmoja mara nyingi hapiti getini. Neno lililofaa zaidi ni kinga, nalo ni jepesi na limezoeleka hospitalini: kumkinga mtoto na madhara. Kinga humlazimisha msemaji aseme ni kinga dhidi ya nini, na orodha ya "nini" ndiyo kazi yenyewe ya kituo. Maneno ulinzi wa mtoto yabaki kwa mambo ya ukatili na utelekezaji, ambako sheria na ustawi wa jamii vimekwisha kuyazoea.

Lakini hatari ya neno huonekana wazi zaidi katika maagizo madogo madogo kuliko katika majina makubwa ya programu. Mfano tutakaokaa nao kwa muda ni kitenzi kulala.

Madaktari wa watoto huhimiza kwamba mtoto mchanga alazwe chali. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa ushauri wa kutomlaza kifudifudi mwaka 1992, kampeni ya taifa ikafuata mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikapungua huko kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Kiswahili kina neno moja, fupi, lisilo na utata kwa mlalo huo, nalo ni chali. Pamoja na hayo hatukosi kukutana na tafsiri zisemazo "mlaze mtoto kwa mgongo wake" au hata "alale mgongoni". Katika nchi ambayo mtoto hubebwa kwa mbeleko, mtoto aliyelala mgongoni yuko mgongoni mwa mtu. Mfasiri alikuwa na neno chali mfukoni akaenda kukopa.

Hilo ni kosa la uvivu, na hurekebishika kwa kalamu nyekundu. Lililo gumu zaidi ni hili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu mwendo, kukaa na usingizi kwa watoto wasiofikia miaka mitano. Humo linashauri kwamba mtoto mchanga ambaye bado hajaweza kujisogeza apate angalau dakika 30 kwa siku akiwa kifudifudi, zikigawanywa katika vipindi, akiwa macho, ili shingo na mikono yake ipate nguvu. Sasa mfasiri anaandika: "Mlaze mtoto kifudifudi kwa dakika 30 kila siku." Sarufi yake ni safi. Hata hivyo amemwambia mtumishi wa kituo afanye jambo ambalo ukurasa uliotangulia ulimkataza.

Sababu ni kwamba kwa Kiswahili kulala ni mambo mawili. Ni kuunyoosha mwili juu ya kitu, na ni kupitiwa na usingizi. Watu wazima hatupati shida, kwa kuwa anayesema "nimelala kidogo tu, sijalala" hueleweka kwa sauti yake. (Hospitali nayo imeongeza la tatu, maana mgonjwa aliyelazwa anaweza kuwa amekaa kitandani anakula chungwa.) Lakini katika maandishi sauti haipo. Mtumishi mwenye watoto wengi na mikono miwili, akiambiwa amlaze mtoto kifudifudi, atamweka hivyo penye mkeka au godoro, mtoto atanyamaza, naye atashukuru Mungu kwamba amelala, kisha atakwenda kumshughulikia mwingine. Ametii maandishi neno kwa neno.

Kwa hiyo twashauri kwamba katika maandishi yote yahusuyo watoto wachanga kitenzi kulaza kifungwe kwenye maana moja tu, ya usingizi. Na kwa mtoto aliye macho kitumike kuweka au, bora zaidi, kuchezesha. Mlaze chali; mchezeshe kifudifudi. Anayemchezesha mtoto hawezi kuwa ameondoka, kwa maana kuchezesha kunamtaka mchezeshaji awepo. Kitenzi kimeweka ulinzi ambao sentensi nzima ya tahadhari isingeliuweka.

Mfano wa pili ni wa koo. Vijitabu vya huduma ya kwanza hupenda kusema mtoto amekabwa, neno ambalo mjini limekwisha kuwa mali ya vibaka. Lakini Kiswahili hutofautisha mambo mawili. Mtoto aliyepaliwa ni yule ambaye maziwa au uji umekwenda njia isiyo yake: anakohoa, machozi yanamtoka, anatisha kumtazama, lakini sauti ipo na hewa inapita. Mtoto aliyesakamwa ni yule ambaye kitu kimekwama kooni mwake. Hakohoi, hana sauti, midomo inabadilika rangi. Tofauti hiyo ndiyo hiyo hiyo inayofundishwa katika huduma ya kwanza. Aliyepaliwa huachwa akohoe huku akiangaliwa kwa karibu, wala hatiwi kidole kinywani. Aliyesakamwa, akiwa hajatimiza mwaka, hugeuzwa kifudifudi juu ya mkono au paja, kichwa kikiwa chini kuliko mwili, akapigwa kwa kiganja kati ya mabega mara tano. Kisichotoka, hugeuzwa chali akabonyezwa katikati ya kifua mara tano, na kurudiwa hivyo huku msaada ukiitwa. Kuyachanganya mambo hayo mawili chini ya neno moja ni kuutupa ujuzi ambao wazee walikwisha kutuwekea katika msamiati. Tunashauri kupaliwa na kusakamwa yasanifiwe kama istilahi mbili za huduma ya kwanza.

Linabaki suala la watu wenyewe, yaani anayelelewa na anayelea.

Jina vituo vya kulelea watoto wadogo mchana lilikuwamo katika sheria ya mwaka 1981, ambayo ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, lakini jina likaishi. Kwa upande wa umbo ni jina lililojengwa vyema: kulelea, kwa kauli ya kutendea, kunataja mahali pa kazi na shabaha yake kwa pigo moja, na mchana kunamwambia mzazi kwamba jioni mtoto ni wake. Udhaifu uko katika watoto wadogo. Mtoto wa miezi minne ni mdogo, na wa miaka minne ni mdogo. Wa kwanza hujua kulia na kunyonya, wa pili hujua kufungua geti. Wakiitwa kwa jina moja huhesabiwa pamoja, hulazwa chumba kimoja, na hupewa mtu mmoja. Majina ya mitaani hayasaidii. Chekechea lina mwelekeo wa shule. Shule ya vidudu lilikuwa jina la mapenzi, lakini hakuna mkaguzi atakayeandika vidudu katika fomu.

Kwa aliye mdogo kabisa mtoto mchanga latosha. Pengo liko kwa yule wa kati, aliyeacha uchanga lakini bado hajawa wa kuambiwa akaelewa: anayetambaa, anayeshika kiti, anayesimama dede, anayekwenda tata. Huyo ndiye mwenye hatari nyingi kuliko wote kituoni, kwani miguu yake imeitangulia akili yake. Miongozo humwita "mtoto anayeanza kutembea", ambayo ni maelezo, si jina. Neno mtambaazi limekwisha kutwaliwa na wanabiolojia kwa ajili ya nyoka na mamba, na hatudhani wazazi watapenda tulidai.

Kwa upande wa anayelea, mlezi limechoka. Katika fungu la maneno "wazazi na walezi" lina maana ya ndugu au msamaria anayemtunza mtoto asiye na wazazi karibu. Katika vyama na vilabu lina maana ya mkubwa anayealikwa siku ya sherehe. Kituoni lina maana ya mwajiriwa. Sentensi kama "mlezi amjulishe mlezi iwapo mtoto hakula" haina kosa la sarufi, nayo haifai kitu. Yaya lingeweza kufaa, ila limefungwa nyumbani na kudharauliwa pamoja na ujira wake. Watoto wenyewe, ambao ni mabingwa wa kukwepa istilahi, huita anti au mwalimu. Sisi tungependa mlezi libaki kwa mwajiriwa wa kituo, kwa kuwa ndiye anayelea kweli kwa saa nyingi za mchana, na yule wa nyumbani aitwe mwenye mtoto, kama asemavyo kila mtu anapotafuta aje kumchukua.

Tutaambiwa kwamba tumechelewa. Kwamba malezi yenye mwitikio limekwisha kuchapwa, kutangazwa na kuzoeleka, na kwamba kulibadilisha ni kuwachanganya watu. Hoja hiyo si dhaifu. Istilahi iliyozoeleka ina haki za mkaazi wa siku nyingi. Lakini jambo hili limewahi kufanyika katika uwanja huu huu. Uji na vyakula laini vya mtoto viliwahi kuitwa vyakula vya kulikiza, na kulikiza ni kuachisha ziwa. Mama aliyeelezwa kwamba mtoto wa miezi sita aanzishiwe chakula cha kulikiza alikuwa na haki ya kudhani kwamba siku za kunyonyesha zimekwisha, ilhali ushauri ni kwamba mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka miwili na zaidi. Leo kliniki zinasema chakula cha nyongeza. Neno moja limeondolewa, lingine limewekwa, na hakuna aliyechanganyikiwa. Waliochanganyikiwa ni wale wa zamani. Maadam muda uliowekewa programu ni hadi 2025/26, awamu yoyote itakayofuata italazimika kuandika upya nyaraka zake, na kalamu ikiwa mkononi gharama ya kubadilisha neno ni ndogo.

Kuhusu namna ya kufanya kazi hiyo tuna ombi moja. Orodha za istilahi za malezi kwa kawaida hupitiwa na wataalamu wa lugha pamoja na wataalamu wa fani. Tunaomba wakae pamoja nao walezi wa vituoni watatu au wanne, wenye mazoea ya kazi, na kwamba kila agizo lisomwe kwa sauti mbele yao, wapewe mwanasesere, waambiwe wafanye walichosikia. Kamati itazame mikono yao kabla haijapiga muhuri.

Neno la mtoto wa kati bado hatunalo. Dede na tata tumeyataja kwa sababu yanasikika kuwa na uhai, lakini hatujui yameenea kiasi gani nje ya pwani, wala kama wazazi wa bara watakubali mtoto wao aitwe mtoto wa dede. Wasomaji wa Unguja, Pemba, Mrima, Lamu na Mombasa, na hali kadhalika wale wa bara ambao lugha zao za nyumbani zina neno moja kwa mtoto wa umri huo, wanaombwa watuletee maneno yao pamoja na maelezo mafupi: linatumika kuanzia lini hadi lini, husemwa na nani, na kama mtoto mwenyewe akiitwa hivyo hucheka au hununa.